Kipimo cha mkono mmoja: kupanga vitu vyako ukiwa kwenye mishemishe za Dar

Mi nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta, na pembeni nauza vitenge, kwahiyo wiki yangu nzima ni kuzunguka, asubuhi Posta, mchana nachoropoka Kariakoo kufata mzigo, jioni kuna mteja anataka tukutane Mwenge, na hapo katikati kuna mtu kaniomba nimpitishie dawa ya bibi yake Magomeni. Watu wananiuliza dada we unawezaje kukumbuka yote hayo. Sikumbuki kitu. Nimepanga tu vitu vyangu ili nisilazimike kukumbuka.

Zamani nilikuwa na begi moja kubwa, mfuko mmoja, kila kitu kinatumbukia humo humo. Siku moja nimesimama kwenye daladala la kwenda Mwenge, tumebanana kweli kweli, konda kafika kwangu anagonganisha sarafu mkononi, "anti nauli, nauli anti", mi mkono mmoja uko juu kwenye bomba, mwingine uko ndani ya begi unatafuta pochi, naibuka na chaja, naibuka na kitana, naibuka na karanga zilizopasuka kwenye karatasi, dereva akakanyaga breki, nikamwangukia baba mmoja mtu mzima mpaka miwani yake ikadondoka. Nikaomba radhi weee. Yule baba akaifuta miwani kwa shati akaniambia taratibu tu, "Binti, mkono mmoja ukiwa juu, huo mwingine uwe unajua unakokwenda."

Basi toka siku ile nina kipimo changu. Simama sebuleni, shika juu ya fremu ya mlango kama umeshika bomba, begi livae kama unavyolivaa siku zote, afu kwa mkono uliobaki, bila kuangalia, toa nauli, toa simu, toa funguo, toa kitambulisho. Kitu chochote ambacho umekitafuta, yaani mkono ukapapasa huku na huku, hicho hakiko mahali pake. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Mabegi mawili

Begi kubwa la mgongoni na kile kibegi kidogo cha kukatiza kifuani, hivi wanavyotembeza machinga pale Kariakoo. Kidogo ni cha vitu unavyovigusa ukiwa umesimama, kubwa ni la vitu unavyovigusa ukiwa umekaa, na hiyo ndo sheria yote, hakuna nyingine. Nauli, kadi, funguo, kitochi (simu ndogo ya vitufe) na kalamu vinakaa kifuani. Waya, makaratasi, chakula na mzigo wa wateja vinakaa mgongoni, na ukishaingia kwenye gari la kubanana hilo la mgongoni ligeuze mbele, sihitaji kukueleza kwanini.

Ndani ya begi kubwa usiache kitu kinaelea chenyewe. Nunua vile vipochi vya penseli vya wanafunzi, vya zipu, vinavyoonyesha ndani, kila steshonari vipo. Kimoja cha umeme (chaja, waya, pawabenki, earphone), kimoja cha mwili (panadol, plasta, pedi, kitana, pini mbili tatu, sindano yenye uzi mweusi), kimoja cha biashara. Siku nikibadili begi nahamisha vipochi vitatu tu nimemaliza, zamani nilikuwa nahamisha vitu arobaini na lazima kimoja kibaki, na kinachobaki siku zote ni kile unachokihitaji.

Hela

Hapa ndo watu wengi wanapoharibikiwa. Hela ya nauli isikae pamoja na hela nyingine, kabisa, hata siku moja. Mfuko wa mbele wa kibegi changu una sarafu na noti za buku tu, kila jioni nikifika nyumbani naangalia chenji iliyopo, kama haitoshi kwa kesho navunja noti palepale kwa mangi wakati nanunua mkate, maana asubuhi ukimpa konda msimbazi mzima, noti ya elfu kumi, mtagombana mpaka unashuka, na ukishuka hujapewa chenji umeshaliwa.

Hela ya matumizi ya siku iko kwenye waleti, na hapo naweka kile tu ninachotarajia kutumia. Afu kuna ya tatu, ya dharura, noti moja ya elfu kumi imekunjwa mara nne ndani ya kipochi cha mwili chini ya plasta. Usiiweke nyuma ya kava la simu. Najua kila mtu anaweka hapo, na kibaka naye anajua, na simu ikienda inaenda nayo.

Tukija kwenye hela ya kwenye simu. Laini yangu yenye hela iko kwenye kitochi, sio kwenye simu janja. Ile ya kupangusa ndo inayoibiwa, kitochi mtu hata akikiona anakiacha, na chaji inakaa siku tatu nne. Ukiibiwa simu janja ukiwa Manzese bado una uwezo wa kutoa hela kwa wakala, kumpigia mumeo na kupanda gari kurudi nyumbani. Shida ni kidogo tu ya kubeba simu mbili, utazoea.

Na kabla hujaibiwa, leo hii, fanya haya. Bonyeza *#06# itakuja IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako, ni tarakimu 15, iandike nyuma ya daftari lako na iandike tena ukutani nyumbani. Namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, iandike au uikariri kabisa, maana toka usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019 ukienda kurinyu laini ni namba ya NIDA na kidole chako, ukifika huna namba unarudishwa na foleni umeshapanga. Simu ikiibiwa, cha kwanza omba simu ya mtu mwenye mtandao wako upige 100 wafunge laini, kulia utalia baadae. Na zikariri namba mbili za watu wako kichwani, za kweli kichwani, mi niligundua siku moja kwamba namba ya mama yangu mzazi siijui, naijua tu kama "Mama" kwenye simu.

Orodha ifate barabara

Hii ndo iliyonibadilishia maisha kuliko zote. Vitabu vya kupanga kazi vinakwambia anza na jambo la muhimu zaidi. Sawa, ila kama jambo la muhimu liko Kivukoni na la pili liko Kimara na la tatu liko Posta, utakuwa unapita palepale mara tatu kwenye foleni. Hapa Dar panga mambo yako kwa vituo.

Nachukua daftari, lile dogo linaloenea kiganjani, naandika vituo vya Mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao wenyewe, kwa mpangilio jinsi gari linavyopita, afu pembeni ya kila kituo naandika shughuli. Kwa mfano Alhamisi iliyopita ukurasa wangu ulikuwa hivi: Kimara Mwisho, acha viatu kwa fundi, alipe yeye chenji ya juzi. Shekilango, chukua cheti cha mtoto. Magomeni Mapipa, dawa ya bibi, cheti cha dokta kiko kwenye faili. Posta, kazi, na kabla ya saa sita piga kopi tatu. Mchana Gerezani, vitenge doti sita, viwili vya bluu. Kurudi, Ubungo, mteja anasubiri upande wa kwenda Mwenge. Hapo kila nikiwa kwenye gari likitangaza kituo naangalia daftari, kama kituo hicho kina mstari nashuka, kama hakina naendelea kusinzia.

Faida nyingine hujaiona bado. Ukiandika hivyo jana yake usiku utagundua kabisa kuna safari moja ya kipumbavu umeipanga, kitu kimoja tu kiko Tegeta peke yake, hicho unakisogeza siku nyingine utakayokuwa na vitu vitatu vya njia ile ya Bagamoyo, au unampa bodaboda. Mi nina kurasa za njia, moja ya Morogoro, moja ya Bagamoyo, moja ya Mbagala, moja ya Kigamboni, kitu kikijitokeza nakitupia kwenye ukurasa wa njia yake kinasubiri wenzake. Ukurasa wa Kigamboni hata kikiwa kimoja siendi, nasubiri vifike vinne, ile foleni ya kivuko jioni naijua mimi.

Kwanini daftari na sio apu? Apu nimetumia nyingi, na kalenda ya simu naitumia mpaka leo kwa vitu vya saa. Ila orodha ya kuangalia ukiwa umesimama kwenye gari, kutoa simu janja mara kumi na tano karibu na dirisha au mlango ni kuwaita wenyewe waje, na simu ikizima chaji orodha nayo imezima. Daftari hakuna anayelitaka. Lifunge na rababendi kwenye ukurasa wa leo, hapo kidole gumba tu kinalifungua palepale, kalamu ifunge kwa uzi kwenye mgongo wa daftari maana kalamu isiyofungwa ni ya jamii nzima.

Saa

Kuhusu kalenda ya simu kuna mtego unaotukamata waswahili. Mteja anakwambia saa tatu asubuhi, we unaandika 3:00 unaendelea na maisha, kitu kinalia saa tisa usiku, nyumba nzima imeamka, jirani naye anagonga ukuta, afu saa tatu yenyewe asubuhi simu kimya na mteja kakusubiri mpaka kaondoka. Imenikuta hiyo. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, afu hesabu ni rahisi: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni jumlisha sita, yaani saa tatu ni 9:00, saa nane mchana ni 14:00, saa kumi na moja ni 17:00. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano usiku jumlisha kumi na nane, saa mbili usiku ni 20:00. Usiku wa manane na alfajiri toa sita, saa kumi alfajiri ni 4:00. Na kwenye maelezo ya tukio andika kwa maneno "saa tatu asubuhi" ili ukiangalia usianze tena kupiga hesabu. Mkubaliane na mtu kwa maneno pia, mwambie "saa nane mchana huu", maana kuna watu wa maofisini wakisema saa nane wanamaanisha ile ya kizungu.

Makaratasi na mvua

Masika moja, mto Msimbazi ulikuwa umejaa, pale Jangwani barabara imefungwa kama kawaida yake, tumeshushwa tunatembea. Mi nina bahasha ya kaki kwapani, ndani mkataba wa pango la fremu yangu ya biashara, mwenye fremu katoka kuusaini asubuhi ileile na kapanda basi la Tanga. Mvua ikakolea. Nilipofika nikafungua bahasha, karatasi zimegandana kama chapati, nikazibandua moja moja, maandishi ya kompyuta yapo vizuri tu, lakini sahihi, ambayo ndo mkataba wenyewe, ilikuwa doa la bluu limesambaa mpaka kwenye jina langu. Wiki mbili nikamsubiri mzee arudi kutoka Tanga.

Zamani ungeizungushia rambo yakaisha, ila mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019 na hii mbadala ya kitambaa maji yanapita kama chujio. Kwahiyo nunua faili la plastiki lenye kifungo, la saizi ya A4, hilo ndo koti la mvua la karatasi zako. Bahasha ya kaki iwe ya kuingia ndani ya faili, isiwe ya kutembea yenyewe barabarani.

Na kabla karatasi haijaingia kwenye faili ipige picha. Jitumie mwenyewe kwenye WhatsApp, ile sehemu ya kujiandikia meseji, na chini ya picha andika maneno ambayo utayatafuta kwayo baadae, "risiti friji", "mkataba fremu", "cheti klinik mtoto", sio "doc1". Siku ukiihitaji unaandika friji kwenye kutafuta inakuja. Risiti za mashine za EFD hasa zipige picha siku hiyohiyo, karatasi yake inaandikwa kwa joto, sio kwa wino, kwahiyo ukiiacha kwenye jua au nyuma ya simu inayopata moto inafutika yenyewe, unaenda kudai waranti na karatasi nyeupe mkononi.

Kontroo namba na tokeni za umeme wa Luku usiziandike popote, ni kazi bure, hizo hamisha meseji. Isipokuwa kama nyumbani wana kitochi tu na unawasomea kwa simu zile tarakimu 20 za tokeni, basi zisome nne nne, mara tano, na wao wakurudishie kabla ya kubonyeza.

Chaji

Kuna uongo mmoja wa kuujua. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haikupi 10,000 kwenye simu, betri ya ndani ni ya volti 3.7 na kwenye waya unatoka volti 5, kwenye kubadilisha hapo na joto linalopotea unabaki na kama 6,000 hivi, labda 6,500 kama ni nzuri. Maana yake simu ya 5,000 utaijaza mara moja na kidogo. Kwa mizunguko ya siku moja inatosha kabisa na haikuumizi bega. Ukiona mtu anakuuzia barabarani ya 50,000 afu nyepesi kama rimoti, cheka upite zako. Ya 20,000 ni kwa wale wa safari, na ukipanda ndege kwenda Mwanza inakaa kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Waya uwe mfupi, ule wa sentimita 20 au 30, ili pawabenki na simu vikae mfuko mmoja vikichajiana. Waya mrefu kwenye daladala unakamatwa na kiwiko cha mtu anayeshuka, na ukivutika unang'oka na tundu la chaji.

Vidogo vidogo

Funguo nimezipaka rangi ya kucha, nyekundu geti, njano mlango wa ndani, ile ya ofisini sijaipaka kitu. Usiku umeme umekatika tone la rangi hulioni, lakini kwa kidole unalihisi, kwahiyo kwenye geti nimepaka matone mawili yamevimba kidogo, namulika kwa ngozi. Zote nimezifunga kwa kamba fupi ndani ya kibegi, hazitoki hata nikikigeuza juu chini.

Hotpoti ya mchuzi usiiamini, hata ya bei ghali. Ikalishe wima chini kabisa ya begi, umeizungushia kanga. Na kanga hiyo usiitoe kwenye begi maisha yako yote, mi yangu kuukuu imeshafuta siti yenye maji, imefunika vitenge vya mteja, imekuwa kivuli kwenye foleni ya kivuko, imembeba mtoto wa dada mmoja aliyezidiwa pale kituoni, na siku sketi yangu ilipopasuka zipu Kisutu ndo iliyonifikisha nyumbani na heshima yangu.

Jumapili usiku namwaga begi lote kitandani. Lote, mpaka mchanga. Risiti zinapigwa picha, sarafu zinarudi mfuko wa mbele, maganda ya pipi yanatupwa, kila kipochi naangalia kilichoisha. Dakika kumi. Wiki iliyopita nilikuta kitunguu kizima, mpaka leo sijui kilitoka wapi.

Kilichonishinda ni mwavuli. Mkubwa hauingii kwenye begi, ule wa kukunja upepo wa Kivukoni unaugeuza siku ya kwanza, na wowote nikiushika mkononi nausahau kwenye siti, mwaka huu peke yake nimeshanunua minne. Nimejaribu kuufunga kwenye kamba ya begi, ukawa unamchoma aliyekaa nyuma yangu mpaka akaniambia dada hiyo mikuki yako vipi. Mwenye njia aniambie, vuli hiyo inakuja.